Bundi Wadogo na Nyumba Zao

Leo twapenda kuwasimulia habari za ndege ambaye watu wengi hawapendi hata kulitaja jina lake baada ya jua kuchwa. Ndege huyo ni bundi. Wala hatusemi habari za bundi wakubwa, wale wawezao kunyakua sungura. Twasema habari za bundi wadogo, ambao mmoja wao waweza kumficha katika viganja viwili. Tumesafiri mara mbili kwa ajili yao, safari ya kwanza mpaka msitu wa Arabuko-Sokoke katika nchi ya Kenya, na ya pili mpaka kisiwani Pemba. Na habari za nchi za mbali tumezisoma katika vitabu. Lakini kabla ya kueleza safari hatuna budi kueleza sababu yake, nayo si sababu ya kujivunia.

Kwetu ni upande wa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mpakani mwa kiwanja chetu palikuwa na mwembe mkuukuu, mali ya bibi mmoja mjane, jirani yetu. Mwembe ule ulivunjika tawi kubwa zamani, na pale palipovunjika pakaoza, pakawa na tundu lenye kina cha mkono mzima. Usiku usio na upepo tulizoea kusikia huko mlio mfupi wa kutetemeka, “prruu,” kisha kimya, na baada ya kuvuta pumzi mbili tatu, “prruu” tena, na hivyo hivyo mpaka usingizi utushike. Miaka mingi tuliusikia, wala hatukuutia moyoni.

Hata mwaka mmoja, wakati wa masika, mtoto wetu kitinda mimba akashikwa na homa. Usiku wa kwanza ndege akalia. Usiku wa pili akalia, tena karibu zaidi, juu ya ua wetu. Usiku wa tatu shemeji yetu, aliyekuja kutusaidia kumwuguza mtoto, akasimama mlangoni, akasikiliza, akasema, “Huyo ni babewatoto. Hamjui ya kuwa amekuja kumwita mtoto? Na mti anakokaa ni wa nani?” Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na sumu, kwa kuwa kila mtu aliyekuwamo nyumbani alijua mti ni wa nani.

Nasi tu walimu wa dini, tuliokwisha kuwaambia watu mara nyingi ya kuwa ndege hana uwezo wa kuua kwa sauti yake. Walakini ni rahisi kulisema neno hilo mchana mbele ya darasa, kuliko kulikumbuka usiku mtoto wako anapoungua mikononi mwako. Asubuhi tukaenda kwa bibi na shoka, tukamwamkia, tukamwomba ruhusa. Akalitazama shoka, akazitazama nyuso za watu walioandamana nasi, akasema, “Ukateni, wanangu. Mti mkongwe una faida gani?” Tulidhani ni ukarimu. Baadaye ndipo tulipofahamu ya kuwa hakuwa na jibu lingine. Maana kama angalikataa, kukataa kwake kungalikuwa ushahidi juu yake.

Mwembe ukaanguka kabla ya adhuhuri. Katika tundu hatukuona kitu ila manyoya machache ya kijivu, na mabawa ya panzi, na magamba ya mende, kiasi cha kujaza kikombe. Kesho yake tulimpeleka mtoto zahanati, damu yake ikapimwa, ikaonekana malaria, akapewa dawa, akapona. Lakini kijijini habari ilikwenda kwa njia nyingine: mti umekatwa, mtoto amepona, basi. Tangu siku ile watoto wa majirani wakakatazwa kumchotea bibi maji. Nasi tukanyamaza.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, mwalimu mwenzetu mwenye ndugu zake Malindi akatualika tufuatane naye. Akasema, “Huko kuna msitu, na ndani yake kuna bundi ambao watu huvuka bahari kuja kuwatazama.” Tukacheka, lakini usiku tulipolala hatukucheka tena, tukaona afadhali twende. Tuliondoka Tanga kwa basi, tukapita mpaka wa Horohoro, tukaingia Lunga Lunga, tukafika Likoni na kuvuka kwa feri kuingia Mombasa. Kesho yake tukashika njia ya kaskazini, tukapita daraja la Kilifi, na mbele ya mji huo msitu ukaanza mkono wetu wa kushoto, ukaendelea hata tukaona haya kuuliza utakwisha lini.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa upatao kilomita za mraba 420, nao ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha misitu ya asili ya pwani ya Afrika Mashariki. Mtu apitaye kwa gari adhani ni msitu mmoja, kumbe ni mitatu iliyoshikana. Upande wa bahari, udongo ni mchanga wa kijivu, na miti ni ya kila namna, mbambakofi akiwamo. Katikati pana ukanda wa mchanga mweupe, ambapo mirihi imesimama mbalimbali na mwanga waingia mpaka chini. Upande wa magharibi udongo wageuka mwekundu kama matofali, na hapo pana miti ambayo wataalamu huiita Cynometra, mifupi, yenye majani madogo, iliyosongamana hata mtu hupita ubavu ubavu. Kati yake huota muhuhu, mti wa mbao ngumu za kunukia, ambao umekatwa sana kwa ajili ya wachonga vinyago. Huyo kibundi tuliyemtafuta makao yake ni msitu wa tatu, penye udongo mwekundu. Mchanga mweupe u karibu sana naye, aweza kuufikia kwa kuruka muda mfupi tu, lakini si kwao.

Kiongozi wetu alikuwa kijana Mgiriama aliyejifunza kazi ya kuwaongoza wageni. Alituchukua kabla ya mapambazuko. Alitangulia asivunje hata kijiti kimoja, nasi tukamfuata tukivivunja vyote. Njiani tuliona mavi ya ndovu, yangali na unyevu, jambo lililotufanya tuharakishe mwendo. Na mara moja akapita mbele yetu sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mwingine ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huu. Jua lilipopanda, kijana akatuambia tusimame. Akainama, akaingia kichakani kwa magoti, akakawia. Aliporudi alituita kwa kidole tu, pasipo neno.

Tukatambaa. Akatuonyesha tawi, kimo chake kama cha mtu. Tukatazama, hatukuona kitu ila majani makavu mawili.

“Yale majani makavu, Mwalimu,” akanong’ona, “yana macho.”

Ndipo tulipowaona. Walikuwa wawili, wamekaa bega kwa bega kama watoto waliopigwa na baridi. Mmoja wa kijivu na mwingine mwekundu wa kutu, kwa maana ndege hawa wana rangi zaidi ya moja ingawa kabila lao ni moja. Mmoja alifumbua macho kidogo, yakaonekana ya manjano, kisha akayafumba. Masikio yao, ambayo kwa kweli si masikio bali ni vishungi vya manyoya, yalisimama kama vipande vya gome. Urefu wa ndege huyu ni sentimita 16 hadi 18, na uzito wake ni kama wa yai moja la kuku. Huyo ndiye bundi! Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nasi tukakumbuka watu wazima saba tulivyokwenda na shoka.

Ndege huyu aliingizwa katika vitabu vya elimu hivi karibuni tu. Mtaalamu wa Marekani, S. Dillon Ripley, ndiye aliyemwandika mwaka 1966, baada ya kupatikana katika msitu huu mwaka 1965, akamwita Otus ireneae kwa heshima ya bibi mmoja, Irene Morden. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ya kuwa hayuko mahali pengine popote duniani. Lakini mwaka 1992 alionekana katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Kijana aliposema hayo tulimwuliza mara ya pili, tukidhani tumesikia vibaya. Usambara Mashariki ni kwetu! Tumesafiri siku mbili na kuvuka mpaka wa nchi ili tumwone ndege ambaye yuko nyuma ya mashamba yetu wenyewe. Leo amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu ya kukatwa miti na kuingiliwa kwa msitu.

Tulipotoka kichakani tukaketi chini ya mti, tukala mihogo ya kuchemsha, na hapo tukapata ujasiri wa kumsimulia kijana habari za mwembe. Akatuomba tuuige mlio. Tukauiga vibaya, akacheka kwa adabu, akautoa mwenyewe kinywani, “prruu,” hata tukashtuka. Akasema, “Huyo si huyu wa Sokoke. Huyu wetu hupiga mluzi wa haraka, mara tano, sita, hata tisa, kama mtu agongaye chuma chembamba. Huyo wenu ni nduguye, aliyeenea Afrika penye miti iliyoachana. Hukaa kwenye matundu ya miti. Hula panzi, nondo na mende.” Kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia: “Usiku ule mlizima taa, Mwalimu?”

Tukajibu, “Twawezaje kuzima taa na mgonjwa yumo ndani?”

“Basi,” akasema, “taa ikiwaka usiku kucha, wadudu huja. Wadudu wakija, bundi huja kula. Na tena usiku mwingine mnalala, hammsikii. Usiku wa mgonjwa nyote mko macho.”

Ndugu wasomaji, kijana yule alisema hayo huku akimenya muhogo, kama mtu aelezaye njia ya sokoni. Sisi tumesoma vyuoni, tumefundisha wengine, wala hatukupata kuuliza swali hilo jepesi. Tulihesabu usiku ule mmoja mmoja: usiku wa kwanza taa moja chumbani, usiku wa pili taa mbili, maana jirani walikuja, usiku wa tatu taa ya barazani pia. Naye ndege alizidi kusogea kama tulivyozidi kuwasha.

Kabla hatujaondoka, kijana alituazima vitabu viwili vya ndege, tukavisoma Malindi siku zilizobaki. Humo tuliona ya kuwa bundi wadogo wametawanyika karibu ulimwengu wote, na ya kuwa karibu wote wana jambo moja: hawajengi. Mnana hufuma, mbayuwayu hufinyanga, hata kunguru hukusanya vijiti. Bundi mdogo hutafuta nyumba iliyojengwa na mwingine akaiacha, au iliyotobolewa na uzee wa mti. Mwembe mchanga, hata uwe na majani mazuri namna gani, haumfai. Amtakaye lazima aache mti uzeeke.

Mfano ulio wazi kupita yote uko katika jangwa la Sonora, lililoko kusini ya jimbo la Arizona katika Marekani, likaingia mpaka nchi ya Meksiko. Huko hukaa bundi aliye mdogo kuliko wote duniani. Urefu wake ni kama sentimita 13 au 14, na uzito wake hupata gramu 40 tu. Jangwani hapana miti mikubwa kama yetu, lakini pana mmea wa miiba uitwao saguaro, usio na majani, ulio kama nguzo yenye mikono, uwezao kupita mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 100. Ndege wa jamii ya kigogota hutoboa tundu katika nguzo hiyo. Mmea ukijeruhiwa hutoa utomvu, na utomvu hukauka ukawa ukuta mgumu kuzunguka tundu, hata mmea ukifa na kuoza, ukuta ule hubaki kama chungu. Yapasa kungoja miezi mpaka tundu likauke ndipo likalike. Mwaka mwingine kigogota huhama, na kibundi huingia. Humo mchana, jua linapochoma mawe, hukaa katika ubaridi wa mmea. Usiku hutoka kuwinda nondo, panzi na hata nge, ambao huwaondoa mwiba kwanza. Baridi ikija na wadudu kupungua, huhamia upande wa kusini. Tazama basi: kibundi amtegemea kigogota, na kigogota ategemea mmea uliohitaji miaka mingi kukua. Mwenye kuukata ule mmea aondoa nyumba tatu kwa pigo moja.

Katika nchi za baridi za kaskazini ya Ulaya, kama Finland na Sweden, na katika milima iliyo kusini yake, yuko kibundi mwingine katika misitu ya misonobari. Yeye naye hutaga katika matundu ya vigogota. Huyu hana haya ya mchana. Huwinda asubuhi na jioni, ndege wadogo na panya, na wakati wa theluji huweka akiba ya nyama katika tundu la mti, kama mama wa nyumbani awekavyo unga kabla ya mvua za masika. Na katika mbuga za Amerika yuko bundi akaaye ardhini kabisa, katika mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine. Huyu ana werevu wa kuchekesha: hukusanya mavi ya wanyama na kuyatandaza mlangoni pake, na mbawakawa wapendao mavi wakija, huwala. Wataalamu walijaribu jambo hilo wakaona ni kweli, wakaliandika mwaka 2004.

Habari za bundi mdogo wa Ugiriki zilitushangaza kwa njia nyingine. Ndege huyo hukaa katika magofu na kuta za mawe. Watu wa Athene ya kale hawakumhesabu kuwa ndege wa kisirani. Walimfanya alama ya hekima na ya mji wao, wakapiga sura yake juu ya fedha zao katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Hata leo sarafu ya Ugiriki ya euro moja ina bundi yule yule. Hatusemi ya kuwa Waathene walikuwa na haki nasi hatuna. Maana ndege hana hekima zaidi ya kuku, kichwa chake kimejaa macho. Twasema tu ya kuwa ndege mmoja, mwenye macho yale yale na sauti ile ile ya usiku, huku huwekwa juu ya fedha na huku hupigwa mawe.

Safari yetu ya pili ilikuwa ya Pemba, kwa sababu kisiwa hicho kina kibundi chake peke yake, asiyepatikana penginepo duniani. Aliandikwa mwaka 1937 na Bwana Pakenham, Mwingereza aliyekuwa na kazi ya serikali Zanzibar. Tulifika Wete, tukapanda daladala mpaka Konde, na kutoka huko tukaingia msitu wa Ngezi, ulio pembeni ya kaskazini magharibi ya kisiwa. Lo, ni msitu mwingine kabisa! Arabuko-Sokoke ulikuwa mkavu na wenye miiba. Ngezi una mivule mirefu, na maji chini ya miguu, na kivuli kizito. Huko hukaa pia popo mkubwa wa Pemba, naye ni wa kisiwa hicho tu.

Lakini kibundi hatukumwona msituni. Tulimsikia jioni, katika shamba la mikarafuu la mzee aliyetukaribisha. Wasomaji wetu wajua ya kuwa dhoruba ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika, ndipo karafuu ikazidi kupandwa huko na msitu ukapungua. Kibundi wa Pemba hakufa kwa mabadiliko hayo. Aliweza kukaa katika mikarafuu mikubwa pia, jambo ambalo nduguye wa Sokoke hawezi kulifanya nje ya miti yake. Giza lilipoingia akaanza, “hu,” kisha “hu,” wazi na taratibu. Tukamwuliza mzee kama haogopi. Akajibu, “Nimwogope nani? Tangu utotoni nalala naye. Asipolia ndipo nitakapouliza kuna nini.” Akatuongezea kahawa.

Na ukiifuata bahari kusini zaidi utafika visiwa vya Komoro, ndugu zetu wa dini nyingine na wa lugha iliyo karibu na yetu. Huko ajabu yazidi. Ngazija ina kibundi chake, katika misitu ya mlima wa moto wa Karthala. Nzwani ina chake. Mwali ina chake. Na Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ina chake. Visiwa vinne, bundi wanne! Yamkini zamani sana pepo ziliwasukuma ndege wachache kutoka nchi kavu, nao kila walipotua wakakaa, wakazaa, wakawa kabila mbalimbali. Yule wa Nzwani alijulikana katika karne ya 19, kisha hakuonekana tena na wataalamu zaidi ya miaka 100, hata wakadhani amekwisha. Mwaka 1992 akaonekana katika mabaki ya msitu mlimani. Yule wa Mwali hakujulikana na wataalamu mpaka mwaka 1995.

Yuko mmoja tena wa kisiwani ambaye hatuwezi kumwacha. Upande wa magharibi ya Afrika, katika Ghuba ya Guinea, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Príncipe. Mwaka 2022 wataalamu walimwandika kibundi wa huko, akaaye katika eneo lisilozidi kilomita za mraba 15 au karibu yake, kusini ya kisiwa, wasipopatikana zaidi ya elfu moja au elfu moja na nusu. Jina lake ni Otus bikegila. Bikegila si bwana mkubwa wala mtoa fedha. Ni jina la utani la mtu wa kisiwa hicho, ambaye hapo kwanza kazi yake ilikuwa kupanda miti na kuwakamata makinda ya kasuku, kisha akaiacha kazi hiyo akawa kiongozi na mlinzi wa msitu. Alikuwa miongoni mwa waliowaongoza wataalamu mpaka kwa ndege huyo. Tulipolisoma jina hilo tulimkumbuka kijana wetu wa Sokoke, na muhogo wake.

Tuliporudi kutoka safari ya kwanza tulikwenda kwa bibi jirani yetu hata kabla ya kufungua mizigo. Tukamwamkia, “Shikamoo, bibi,” akaitika, akatuonyesha kigoda. Tukamweleza yote: taa, wadudu, majani makavu yenye macho. Tukamwambia pia ya kuwa tulimkosea, na ya kuwa tutayasema hayo mbele ya watu, si kwake tu. Akasikiliza huku akichambua mchele. Alikuwa amekaa juani, kwa kuwa kivuli chake tulikikata sisi. Mwisho akasema, “Nilijua ni ndege, mwanangu. Nilimsikia miaka thelathini. Mume wangu alipokufa hakulia hata mara moja.” Akanyamaza kidogo, akauliza, “Basi yule wetu alikwenda wapi?”

Hatukuwa na jibu la kumpa. Jumapili ile, baada ya watu kutoka, tukasimama nje tukasema kama tulivyoahidi. Wengine waliitikia, wengine walitazama chini; shemeji yetu aliondoka kabla hatujamaliza. Jumatatu mtoto wetu, yule aliyekuwa mgonjwa, alichukua ndoo akaenda kumchotea bibi maji, na baada ya majuma mawili mtoto mwingine akafuatana naye.

Lile gogo la mwembe lenye tundu lilikuwa lingali nyuma ya jiko, kuku hutagia humo. Tulilikata kipimo cha mkono, tukaziba chini kwa ubao, tukalipandisha kwa kamba juu ya mkorosho wa bibi, mlango ukielekea mahali pasipo na mvua. Bibi alisimama chini akituelekeza, kulia, kushoto, juu kidogo. Sasa ni miaka miwili. Mpaka leo walioingia ni nyuki.